Tuelezwe jinsi mchezo wa kadi za kidijitali ulivyochezwa

KWAKO MHARIRI,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie habari iliyochapishwa Jumatatu iliyopita kuhusu mashindano ya kadi za kidijitali yaliyofanyika katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, kando ya Barabara ya Ngong. Nilikuwa ukumbini humo tangu saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku, kwa kuwa niliombwa kuwa mmoja wa waamuzi, na habari yenyewe niliisoma mara mbili nikiutafuta mchezo nilioushuhudia. Sikuuona. Niliona kiasi cha zawadi, ambacho kilirudiwa mara tatu katika aya tano. Niliona picha ya vijana walioinamia simu. Na niliona swali lililowekwa juu kabisa kwa herufi nene, likiuliza kama huu ni mchezo au ni kamari iliyovishwa kanzu. Swali hilo halikujibiwa popote, na sioni lingejibiwa vipi, maana mwandishi hakututajia hata kadi moja iliyochezwa siku hiyo.

Siandiki ili kumsuta mwandishi huyo. Alikuja, akakaa kwa muda wa saa moja hivi, akapiga picha, akamhoji mfadhili, akaondoka kabla ya nusu fainali, labda kwa sababu alikuwa na mechi ya ligi ya kuripoti alasiri hiyo. Ninachoomba ni jambo moja tu, nalo ni kwamba mashindano haya yaandikwe kama mnavyouandika mchezo mwingine wowote: tuambiwe nani alifanya nini, katika hatua gani ya mchezo, na kwa nini uamuzi huo ulimpa ushindi au ulimponza.

Chukua mfano wa debi ya Mashemeji. Kama ripota wako angetuandikia kwamba Gor Mahia na AFC Leopards walikutana, kwamba wanaume 22 walikimbia huku na huku kwa dakika 90, na kwamba mshindi alijipatia pointi tatu, gazeti hilo lingekuwa limeshafungiwa maandazi kabla ya saa nne asubuhi. Msomaji anataka kujua bao lilipatikana dakika ya ngapi, nani alikuwa ameotea, na nani aliupoteza mpira katikati ya uwanja. Hali ni hiyo hiyo katika riadha. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, sisi tuliokuwa tukifuatilia hatukutosheka na muda wa mwisho. Tulijua kwamba kila kilomita aliikata kwa takriban dakika 2 na sekunde 50, tulijua kwamba wasaidizi 41 waliandaliwa ili wapokezane kumkinga upepo, na hadi leo kuna watu katika ukumbi wa walimu shuleni kwetu wanaobishana kuhusu viatu vyake.

Majuma matatu barabara baada ya mbio hizo, tarehe 2 Novemba 2019, huko Anaheim katika jimbo la California, binti wa Kichina Li Xiaomeng, ambaye jina lake la kuchezea ni VKLiooon, alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa kadi uitwao Hearthstone. Alijinyakulia dola 200,000 kati ya dola 500,000 zilizoshindaniwa, akawa mwanamke wa kwanza kulitwaa taji hilo. Hayo mawili, zawadi na jinsia, ndiyo ambayo kila mtu huyakumbuka. Lakini mwanafunzi wangu mmoja, aliyekesha akiitazama fainali hiyo kwenye simu ya mamake kwa kuwa mchana wa California ni usiku wa Nairobi, alikuja shuleni Jumatatu akanieleza jinsi Li alivyomshinda Mmarekani Brian Eason kwa michezo mitatu kwa bila, na akanieleza zamu kwa zamu, akichora mishale kwenye ubao wangu wa hisabati. Hapo ndipo mimi, mtu niliyezoea drafti ya vifuniko vya soda, nilipoanza kuelewa kwamba kuna jambo la kutazamwa. Bila maelezo ya kijana yule ningebaki na dola 200,000 kichwani, na dola za mtu mwingine hazimfundishi mtu chochote.

Naomba unistahimilie nieleze mchezo huo kwa ufupi, kwa sababu ndio uliochezwa katika ukumbi wetu pia. Hearthstone ni mchezo wa kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani, uliozinduliwa Machi 2014 na kufika kwenye simu za mkononi mwaka uliofuata. Kila mchezaji hujitungia fungu la kadi, kwa kawaida kadi 30, akichagua kutoka kwa mamia ya kadi zilizopo, na haruhusiwi kuweka zaidi ya nakala mbili za kadi moja. Zile za daraja la juu kabisa huruhusiwa nakala moja tu. Anaanza na alama 30 za uhai, na anayemalizwa alama hizo ameshindwa. Kila kadi ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa kitu ambacho mimi hukiita mtaji: zamu ya kwanza una mtaji wa 1, ya pili 2, hivyo hivyo hadi 10. Kadi nyingine ni askari wanaokaa mezani na kushambulia, na wanaoweza kukaa upande mmoja hawazidi saba. Nyingine ni uchawi unaotumika mara moja na kwisha. Anayeanza wa pili hupewa kadi moja zaidi pamoja na sarafu inayomwongezea mtaji wa 1 kwa zamu moja, ili kufidia hasara ya kutanguliwa. Zamu haizidi sekunde 75. Hapa niseme jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kwa sababu wachezaji hupokezana zamu na wala hawashindani kwa wepesi wa vidole, simu ya bei nafuu na bando dogo la data vinatosha, na mtandao ukichelewa nusu sekunde haumpotezei mtu mechi kama inavyotokea katika michezo ya kufyatuliana risasi. Mtoto wa Dandora anaweza kumkabili mtoto wa Oslo bila kupunjwa na waya.

Sasa nije kwenye mashindano. Katika ngazi ya kulipwa, na sisi tuliiga utaratibu huo, mchezaji haleti fungu moja bali huleta mafungu manne ya matabaka tofauti, yaani kila moja na shujaa wake, na orodha za kadi hukabidhiwa waamuzi kabla ya mchezo wa kwanza, kisha hazibadilishwi tena. Kabla ya mechi kila mmoja humpiga mwenzake marufuku fungu moja. Yanabaki matatu. Fungu likishinda huwekwa kando, kwa hivyo ili ushinde mechi ni lazima ushinde mara moja kwa kila moja ya mafungu yako matatu; hubebwi na fungu moja kali hadi mwisho. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya mechi huamuliwa usiku wa kuamkia mashindano, mchezaji anapokaa na kujiuliza wenzake wataleta nini. Yako mafungu ya mbio, yanayotaka kummaliza mpinzani kabla hajakusanya mtaji. Yako ya kujihami, yanayovumilia mapigo hadi mwenye mbio aishiwe na pumzi. Na yako yale yanayokusanya vipande polepole ili siku ikifika yapige pigo moja lisilozuilika. Kwa kawaida mbio huyashinda ya vipande, ya vipande huyashinda ya kujihami, na ya kujihami huzishinda mbio. Ukipiga marufuku fungu lisilofaa umejifunga kamba mwenyewe kabla ya kadi ya kwanza kugawiwa. Mwandishi wako angetuambia tu nani alipiga marufuku fungu gani katika fainali, ningeisamehe habari yote iliyobaki.

Kwa kuwa hakutuambia, nitaisimulia mimi. Fainali iliwakutanisha binti mmoja wa Kayole, aliyemaliza kidato cha nne juzi, na kijana wa Kawangware ambaye alikuwa hajapoteza mechi tangu asubuhi. Walifika 2–2. Katika mchezo wa tano, binti alikuwa amebakiwa na fungu la kujihami na kijana amebakiwa na fungu la mbio, hali ambayo kwenye karatasi ilimfaa binti. Kijana alianza. Mwanzoni mchezaji anayeanza hupewa kadi tatu na huruhusiwa kuzirudisha asizozitaka na kupewa nyingine. Kijana alirudisha moja tu, akabakiza mbili. Moja kati ya hizo mbili aliicheza zamu ya kwanza. Ya pili hakuigusa, nayo ikabaki pembeni kabisa mwa mkono wake, mahali ambapo mpinzani makini huiona kwa mgongo na kuikumbuka.

Kufikia zamu ya tano binti alikuwa na uhai wa 11. Mezani kijana alikuwa na askari watatu. Mkononi mwa binti kulikuwa na kadi ya kufagia, yaani ile inayowaondoa askari wote mezani kwa mkupuo, na mtaji wa kuilipia alikuwa nao. Ukumbi mzima, pamoja na mimi mwamuzi niliyepaswa kukaa kimya, ulisubiri aifagie meza. Hakufagia. Aliweka mlinzi mmoja dhaifu mbele yake, akamaliza zamu. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba hofu imemshika. Zamu iliyofuata alishuka hadi 7, na iliyofuata hadi 4, na katika zamu hiyo ya saba ndipo kijana, akiona kazi imekwisha, alipoitupa mezani ile kadi aliyoibania tangu mwanzo, ikamletea askari wawili zaidi. Sasa walikuwa watano. Binti akafagia wote watano. Kijana alibaki na kadi moja mkononi na meza tupu, na zamu nne baadaye alikubali kushindwa, akamnyoshea mkono.

Nilimwuliza binti baadaye kwa nini alikubali kupigwa hadi uhai wa 4. Alinijibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: fungu la mbio huwa halibanii kadi bila sababu, kwa hivyo kadi ile ni lazima ilikuwa ya kujaza meza upya baada ya kufagiwa, kama angefagia zamu ya tano, meza ingejaa tena zamu ya sita na yeye hakuwa na ufagio wa pili. Alikuwa amehesabu pia kwamba kwa askari waliokuwapo, na kwa mlinzi yule aliyemweka, hawezi kushuka chini ya 4 kabla ya zamu yake ya saba. Katika habari yenu mchezo huo umeelezwa kwa maneno matatu: "alishinda kwa bahati".

Bahati ipo, na mimi nikiwa mwalimu wa hisabati sitaikana. Tuipime basi. Tuseme fungu lako la kadi 30 lina nakala mbili za kadi unayoihitaji sana. Ukigawiwa kadi tatu za mwanzo, uwezekano wa kuipata angalau nakala moja ni kama 19 kwa 100. Usipoipata, ukarudisha zote tatu na kupewa nyingine tatu, uwezekano wako wote kwa jumla unapanda hadi karibu 37 kwa 100, kwa sababu kadi ulizorudisha hazirudi kwako katika ugawaji huo na hivyo ni kana kwamba umeonyeshwa kadi sita. Asiyejua hesabu hii hubakiza kadi nzuri nzuri kwa kuzionea huruma, naye anayeijua huzirudisha bila majonzi. Bahati ni ile ile kwa wote wawili, ila mmoja ameisogeza kutoka 19 hadi 37.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningependa sana waandishi wa michezo waifahamu. Tuseme mchezaji ana uwezo wa kumshinda mpinzani wake mara 60 katika kila michezo 100. Wakicheza mchezo mmoja tu, mnyonge anaponyoka mara 40. Wakicheza mechi ya kufikisha ushindi wa michezo mitatu kati ya mitano, yule bora anashinda mechi kama 68 kwa 100. Ndiyo maana fainali za kulipwa hazichezwi kwa mchezo mmoja. Hata hivyo, mchezaji huyo huyo akiingia katika mashindano ya mtoano ya watu wanane, ambako ni lazima ashinde mechi tatu mfululizo, uwezekano wake wa kulibeba kombe ni chini ya theluthi moja. Hii ina maana kwamba bingwa wa siku moja si lazima awe mchezaji bora wa mji, na ndiyo sababu mashindano makubwa, kama yale ya mwaka wa 2019 ya Las Vegas, Seoul na Bucharest, yalitumia raundi nyingi za mfumo wa Uswisi, ule unaojulikana na wacheza sataranji, ambapo mshindi hupangiwa mshindi na aliyeshindwa hupangiwa aliyeshindwa, kabla ya kuingia kwenye mtoano. Sisi, kwa uchache wa muda na wa soketi za umeme, tulicheza mtoano tu tangu mwanzo. Hilo ni kosa letu waandaaji, na mwandishi aliyeuelewa mchezo angetukosoa kwa haki. Badala yake tulikosolewa kwa jambo tusilolifanya.

Nakusudia kamari. Mtu yeyote aliyepita karibu na steji za matatu katikati ya mji anaijua pata potea: karata tatu juu ya katoni, mchezeshaji mwenye mikono myepesi, na mashabiki watatu wanaoshinda kila mara kwa kuwa ni washirika wake. Nadhani ni kumbukumbu hiyo inayowafanya watu wazima wakisikia kadi wasikie wizi. Lakini katika pata potea unaweka pesa juu ya jambo usiloweza kulitawala, na anayeligeuza ndiye anayekula pesa zako. Katika ukumbi wetu hakuna aliyeweka dau, watazamaji hawakuruhusiwa kuwekeana dau, na zawadi ilitoka kwa mfadhili.

Hata hivyo sitaki nionekane wakili wa kampuni. Kama mwandishi wako anataka kuuliza habari za kamari, aanzie kwenye paketi. Kadi za Hearthstone hupatikana, pamoja na njia nyingine, kwa kununua paketi za kadi tano ambazo mnunuzi hajui ndani yake mna nini mpaka azifungue. Mwaka wa 2017, sheria ya China ilipozilazimisha kampuni kutangaza viwango vyake, Blizzard ilieleza kwamba kadi ya daraja la juu kabisa hupatikana kwa wastani wa moja katika paketi 20. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: mwezi Aprili 2018 tume yake ya michezo ya bahati nasibu ilitangaza kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya baadhi ya michezo ya kompyuta vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Hapa Nairobi mtoto hununua kwa pesa alizotumiwa kwa M-Pesa kwa ajili ya nauli, na mzazi hajui. Ningefurahi kuliona gazeti lako likiifuatilia habari hiyo kwa majuma kadhaa. Ni habari tofauti na ya mashindano, na kuzichanganya mbili hizo kumetufanya tuikose moja na tuipotoshe nyingine.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niling'ang'anie gazeti, wakati vijana wanaweza kuyatazama mashindano ya dunia moja kwa moja kwenye simu zao. Uwanja wa Nyayo si mali ya mtu aliyebuni kandanda. Katika michezo hii kampuni iliyouunda mchezo ndiyo yenye uwanja, ndiyo yenye mpira, ndiyo inayotunga sheria, na aghalabu ndiyo inayowalipa watangazaji. Mwezi Oktoba 2019 mchezaji wa Hong Kong, Chung Ng Wai, anayejulikana kama Blitzchung, alipotamka maneno ya kuunga mkono maandamano ya kwao katika mahojiano ya baada ya mechi, Blizzard ilimfungia mwaka mzima na kumnyima zawadi yake, na watangazaji wawili waliokuwa wakimhoji wakaadhibiwa pia. Baada ya malalamiko kuenea duniani, adhabu ya mchezaji ilipunguzwa hadi miezi sita na zawadi yake akarudishiwa. Sichukui upande katika siasa za Hong Kong kwenye barua hii. Nauliza tu ni nani atakayetueleza mambo kama hayo ikiwa wote wenye vipaza sauti wanalipwa na mwenye uwanja.

Vivyo hivyo kuhusu zawadi zinazotangazwa. Kampuni ya Valve ilipokuwa ikiuandaa mchezo wake wa kadi uitwao Artifact, uliotoka Novemba 2018, iliahidi mashindano ya dola milioni moja mwaka uliofuata. Wachezaji waliuhama mchezo huo ndani ya miezi michache, na mashindano hayo hayakufanyika. Gazeti lililonakili ile milioni moja na kuishia hapo liliwauzia wasomaji wake hewa. Na hata mchezo wenye afya unaweza kufungiwa mlango: Hearthstone ulikuwa miongoni mwa michezo ya maonyesho katika Michezo ya Asia ya Jakarta mwaka wa 2018, ukapangwa kushindaniwa medali rasmi katika michezo iliyofuata ya Hangzhou, lakini mkataba wa Blizzard na mshirika wake wa China ulipokwisha Januari 2023 na mitambo ikazimwa huko, uliondolewa kwenye ratiba. Wachezaji waliokuwa wakijiandaa kuziwakilisha nchi zao walipoteza medali kwa sababu ya mkataba wasiouona. Kijana wa Kawangware niliyemtaja ana ndoto ya kulipwa kwa kucheza, na mamake ameniuliza kama amruhusu. Mambo haya ndiyo angependa ayasome kwa Kiswahili kabla ya kuamua.

Huenda utaniambia kwamba lugha yenyewe ni kikwazo, kwamba mwandishi hana maneno. Sikubali. Kandanda ilipokuja, hatukuwa na neno la kuotea katika maana ya uwanjani, wala mkwaju wa penalti, wala mlinda lango. Waandishi na watangazaji waliyatafuta na sisi tukayazoea. Kwa upande wa karata tumetangulia zaidi: watu wa pwani wana turufu, shupaza, kopa na ree tangu zamani, nao vijana wa Nairobi wanaocheza kadi chini ya miti wakati wa chakula cha mchana wanajua kwamba mtu akitaka kumaliza ni lazima kwanza aseme "niko kadi", la sivyo ushindi wake haukubaliwi. Katika barua hii nimetumia fungu, mtaji, kufagia, kubania na kupiga marufuku, na sidhani kwamba kuna msomaji aliyepotea njiani. Kama wako wenye maneno bora kuliko hayo, wayalete. Jambo dogo ambalo mhariri wa michezo atalazimika kuliamua ni hili, kwamba kwenye ukurasa wake kadi hadi sasa imekuwa ya manjano au nyekundu.

Nimalizie kwa jambo la waandishi wenyewe. Katika habari ya Jumatatu jina la bingwa halikutajwa, ilhali la mfadhili lilitajwa mara mbili, na picha iliyotumika ilikuwa ya wavulana pekee ingawa aliyeshinda ni msichana. Li Xiaomeng, baada ya kutwaa ubingwa, alisimulia jinsi mwanamume mmoja alivyomwambia katika mashindano ya awali kwamba yeye ni msichana na hivyo asipange foleni pale. Binti wa Kayole hakuambiwa hivyo na mtu yeyote ukumbini kwetu. Alilinunua gazeti asubuhi ya Jumatatu, akalifungua mbele ya babake, na akajikuta hayumo. Wala si kwamba Wakenya hawajawahi kusikia habari za binti katika michezo ya kompyuta. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka wa 2018 kwa uhodari wake katika Tekken, mchezo wa kompyuta wa kupigana, na amehojiwa mara nyingi tangu hapo.

Mashindano yajayo tutayafanya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu katika ukumbi ule ule, kuanzia saa tatu asubuhi, na safari hii tutacheza raundi nne za mfumo wa Uswisi kabla ya mtoano. Nimeandaa karatasi ambayo waamuzi wataijaza katika kila mechi: fungu lililopigwa marufuku, aliyeanza, kadi zilizorudishwa, na uhai uliobaki kila baada ya zamu tatu. Nakala moja itakuwa ya mwandishi wako. Kiti chake nitakiweka karibu na meza ya waamuzi, mahali panapoonekana skrini kubwa bila kumulikwa na jua la dirishani. Soketi iko upande wa kushoto, ila waya wa kuchajia simu aje nao mwenyewe, na tafadhali asiondoke kabla ya nusu fainali.

Mwalimu wa hisabati,
Buruburu, Nairobi